Kigoma mwisho wa reli? Tufuate dumu moja la mawese tuone maendeleo ya mkoa yanakwama wapi

Ukifika kwa mama mdogo wangu pale Mwandiga, Kigoma, msimu wa chikichi ukiwa umekolea utaikuta mikungu imelazwa chini ya mwembe, imefunikwa majani ya migomba na viroba vya zamani, na iko hapo siku ya nne sasa. Juzi nikamuuliza, mama mdogo mbona hujachemsha? Akanijibu bila hata kunigeukia, "Bado haijalegea mwanangu, nikiichemsha leo nani ataipukuchua?" Basi nikavuta kigoda nikakaa, nikaokota chikichi moja iliyodondoka nikaibonyeza kwa kidole gumba, mafuta yakanitoka mekundu mpaka kwenye kucha, na harufu ilikuwa imeshaanza ile ya kuchacha, ile ambayo sisi wa Kigoma tumeizoea mpaka tunadhani ndo harufu ya mawese yenyewe.

Naomba nianzie hapo hapo chini ya mwembe mana kila nikisikia watu wanaongelea maendeleo ya mkoa wetu yanatajwa maneno manne, ubunifu, ujasiriamali, miundombinu na mitandao, na kila moja linaongelewa peke yake kama vile lina wizara yake. Anakuja mtu wa barabara anasema shida ni barabara. Anakuja wa mikopo anasema shida ni mtaji. Wa semina anasema shida ni vijana kutojituma. Mi nimehangaika na biashara ya mawese miaka kadhaa na nilichokiona ni kwamba hayo mambo manne ni kitu kimoja, na yakija kila moja kwa mwaka wake bila kukutana hayafanyi kazi, na ushahidi wote uko kwenye ile mikungu inayolala siku nne.

Tuanze na kinachotokea mle ndani. Tunda la chikichi lina kimeng'enya, na tunda likishakatwa mtini, hasa likigongwa au likichubuka, kile kimeng'enya kinaanza kuyavunja mafuta na kuyageuza asidi. Kadri unavyochelewa ndo asidi inapanda. Dawa yake ni moto tu, ukichemsha kinakufa na mafuta yanatulia, ndo mana viwanda vikubwa duniani vinapambana mkungu uingie kwenye mvuke ndani ya saa 24 hivi toka umekatwa. Kwenye biashara ya kimataifa mawese ghafi yanatakiwa asidi isizidi asilimia 5. Yetu ya kienyeji mara nyingi yanapita hapo tena kwa mbali, na sio kwamba michikichi yetu ni mibaya, ni zile siku nne.

Haya nimeyajua kwa kuumia. Kuna mwaka nilikusanya madumu 40 ya lita 20, mengine ya mama mdogo mengine ya majirani zake, nikayapakia kwenye lori mpaka Dar, nikayapeleka kwa mnunuzi mmoja ambaye kwenye simu alisema atachukua yote. Yule kijana wa maabara yao akachota kidogo kwenye chupa ya kioo, akaweka dawa, afu akawa anadondosha dawa nyingine tone kwa tone huku anasubiri rangi igeuke pinki, na mi nimesimama pale namhesabia yale matone. Yalikuwa mengi mno. Akaandika namba kwenye karatasi, akasema hii ni ya sabuni mzee, haifai kusafishwa kuwa mafuta ya kula, na bei wakanipa ya sabuni. Nilirudi na hela ambayo haikutosha hata kuwalipa wale majirani, na mpaka leo kuna mmoja nikipita kwake nasalimia haraka haraka.

Sasa swali, nani mwenye kosa? Rahisi kusema mama mdogo hajaelimika, apewe semina. Hapana, yule mama anajua hesabu kuliko wengi. Mkungu mbichi matunda yake yameshika vibaya mno, ukitaka kuyatoa siku hiyo hiyo inabidi uukatekate kwa shoka vipande vipande, uchemshe vile vipande, afu ndo upukuchue, na hiyo inataka pipa kubwa zaidi, kuni zaidi na watu wa kuwalipa. Akisubiri siku nne matunda yanadondoka yenyewe, watoto wanayaokota bure. Na akipeleka dumu lake sokoni Mwandiga, la siku moja na la siku nne yana bei ile ile, mana mnunuzi wa pale anaangalia rangi tu na kama hujachanganya maji. Kwa iyo yeye kusubiri ni akili kabisa. Angechemsha siku ya kwanza angekuwa anatoa hela mfukoni kuwafaidisha watu wa Dar ambao hata hawamjui.

Hapo ndo unaelewa ubunifu ni nini hasa. Wengi tukisikia ubunifu tunawaza kompyuta, programu ya kwenye simu, kijana aliyetengeneza roboti. Ila ubunifu ambao ungebadilisha Mwandiga ni kitu kama pipa la chuma lililolazwa, lina nondo ndani na matundu ubavuni, unatia vipande vya mkungu vilivyopikwa, unazungusha, matunda yanatokea kwenye matundu na makapi yanabaki ndani. Basi. Duniani imeshagunduliwa zamani. Kwa huku kazi ni kuileta kwenye saizi ya mama mdogo na bei ya mama mdogo, itengenezwe na fundi ambaye ikiharibika yuko karibu.

Na fundi yupo. Nilimpata mmoja pale Mwanga mjini Kigoma, anachomelea mageti na vinu, nikamchorea kwenye kipande cha boksi. Akaliangalia lile boksi muda mrefu, akaniuliza nafasi kati ya nondo na nondo iwe ngapi, nikamwambia sijui, akasema basi la kwanza tutalikosea na la pili pengine, la tatu ndo litakuwa mashine, hayo mawili ya kwanza nani analipa? Ndugu zangu, lile swali ndo ujasiriamali wote umekaa humo. Sisi tunaufundisha ujasiriamali kama tabia, ujiamini, uamke mapema, uwe na ndoto. Lakini kwa undani ujasiriamali ni nani anabeba hasara ya yale mapipa mawili ya kwanza. Tajiri anaweza kukosea mara tano na bado akala jioni. Mama mdogo akikosea mara moja mtoto anarudishwa nyumbani toka shule. Kwa iyo mkoa ambao watu wake wengi hawana pa kuegemea utakuwa na watu wachapakazi kweli kweli na bado wasijaribu kitu kipya, na hapo hakuna uvivu wowote.

Mikopo je? Ipo. Kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Kuna vikoba kila mtaa. Ni vitu vizuri na nisingependa mtu avibeze, ila mkopo unaoanza kurejeshwa haraka unafaa kwa mtu anayenunua dagaa pale mwaloni Kibirizi asubuhi na kuuza jioni, haufai kwa mtu anayejaribu mashine ambayo bado haijajulikana kama itafanya kazi. Ile ya kujaribu inataka mtu anayeweza kugawana nawe hasara. SIDO, lile shirika la serikali la viwanda vidogo, ilianzishwa mwaka 1973 kwa kazi inayofanana na hiyo, kumsogeza fundi mdogo na teknolojia, na hapa Kigoma wametengeneza mashine za kukamua mawese zinazotumika vijijini, kwa iyo mbegu ya hilo jambo tunayo tayari.

Lakini tuseme pipa limepatikana. Bado kuna fundo lingine na hili ndo kubwa kuliko yote. Mama mdogo hatabadilika mpaka kuwe na mnunuzi anayelipa zaidi kwa asidi ndogo. Mnunuzi wa hivyo hawezi kuja Kigoma mpaka kuwe na mzigo mwingi na wa uhakika. Mzigo hauwi mwingi mpaka watu wapande michikichi ya kisasa, na mtu hapandi mti wa kusubiri miaka mitatu minne kama haoni kiwanda. Mwenye kiwanda naye hajengi kama haoni matunda, umeme na barabara. Mwenye lori hashushi bei ya mzigo kama anajua atarudi tupu. Kila mmoja peke yake ana akili timamu na amepiga hesabu vizuri, na wote kwa pamoja wamekaa wanasubiriana. Ni ile habari ya kuku na yai. Wachumi waliliona zamani, mmoja anaitwa Paul Rosenstein-Rodan aliandika mwaka 1943 kuhusu nchi maskini za mashariki ya Ulaya, mfano wake ulikuwa kiwanda cha viatu, kwamba ukijenga kiwanda kimoja peke yake wafanyakazi wake hawawezi kununua viatu vyote kwa mishahara yao, kitakufa, ila ukianzisha viwanda vingi tofauti kwa wakati mmoja basi mfanyakazi wa hiki ndo mteja wa kile, na vyote vinasimama. Kwa lugha yetu ni kwamba kuna mzigo ambao mtu mmoja hauinui hata awe na nguvu gani, inabidi mhesabu moja mbili tatu mwinue pamoja.

Na hapa lazima tuongelee Malaysia, mana huwezi kuongelea chikichi Kigoma bila mtu kusema "Wamalaysia walichukua mbegu hapa kwetu, sahivi wanatuuzia mafuta". Na mimi nimeisimulia hiyo stori miaka mingi. Nikaja kuifuatilia, na ilivyo ni hivi. Mchikichi asili yake ni Afrika Magharibi na Kati. Ule wa Asia unatokana na miche minne iliyopandwa kwenye bustani ya mimea ya Bogor, Indonesia, mwaka 1848, na kwa miaka mingi ulikuwa mti wa kupamba barabara tu. Shamba la kwanza la biashara Malaysia lilianza 1917. Kwa iyo kama kuna kitu walitupita nacho sio mbegu, mana mbegu tulikuwa nayo sisi kabla yao, mababu zetu walishapika na mawese kabla ya reli.

Walichofanya ni kuunganisha. Mwaka 1956 wakaanzisha shirika linaitwa FELDA, serikali inafyeka ardhi, inapanda, familia inapewa kama ekari kumi, na kiwanda kinajengwa humo humo katikati ya mashamba, kwa iyo mkungu ukikatwa asubuhi jioni uko kwenye mvuke. Umeona, siku nne za mama mdogo zilishamalizwa kwenye ramani kabla hata mti haujazaa. Wakaweka watafiti. Na watafiti wakagundua kitu kidogo kinachonifurahisha kila nikikisimulia, kwamba kule Asia ule mti ulikuwa unazaa kwa shida kwa sababu uliondoka Afrika ukamwacha mdudu wake, kuna kimdudu kama kifukusi kinachobeba chavua toka ua dume kwenda ua jike, huku Afrika kipo toka zamani, kule hakikuwepo, wafanyakazi walikuwa wanachavusha kwa mikono mti kwa mti. Mwaka 1981 wakakichukua Cameroon wakakiachia kwenye mashamba, mavuno yakapanda na ile kazi ya mikono ikaisha. Na mbegu bora wanayotumia, hii Tenera tunayoletewa sasa, siri yake iligunduliwa wapi? Yangambi, Congo, ng'ambo ya ziwa letu huko ndani, watafiti wa Kibelgiji walichapisha mwaka 1941. Walionyesha kwamba mchikichi wenye kokwa gumu nene, Dura, ambao ndo wetu wa kienyeji, ukiuzalisha na ule usio na gamba unaoitwa Pisifera, unapata Tenera, gamba jembamba, nyama nyingi, mafuta mengi. Yaani elimu ilitoka kwa jirani yetu ikaenda kufanya kazi mbali, kwa sababu huko mbali ndo kulikuwa na mtu wa kuipokea.

Kuna jambo kuhusu Tenera naomba kila mkulima alijue mana watu wanaingia hasara. Ukishakuwa na shamba zuri la Tenera usichukue kokwa zake ukaotesha miche ukadhani utapata Tenera. Zikizaana zenyewe kwa zenyewe robo ya watoto inarudi Dura, nusu ndo inabaki Tenera na robo nyingine inakuwa Pisifera ambayo mara nyingi haizai matunda ya maana. Na hutajua mpaka mti uzae, miaka mitatu minne imeshaenda. Kwa iyo kila ukitaka kupanda inabidi urudi kwa mtafiti, kwetu ni TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo, ambako toka kampeni ya chikichi ilipoanza 2018 ndo mbegu zinazalishwa, na miche imekuwa ikikuzwa pia JKT Bulombora na Gereza la Kwitanga. Nalisema hili kwa sababu linaonyesha mtandao ni nini. Mti wenyewe unakulazimisha uwe na uhusiano wa kudumu na mtu wa maabara, ukimkata yeye na shamba linaoza kizazi kinachofuata.

Sasa reli. Hapa nitakaa kidogo mana ndo tumebatizwa nayo, Kigoma mwisho wa reli. Wajerumani walianza kuijenga Dar mwaka 1905, ikafika Tabora 1912, Kigoma 1914, kilomita kama 1,250. Hawakuhangaika hivyo kwa ajili ya Kigoma. Walikuwa wanaitaka Congo, walitaka mzigo wa ng'ambo ya ziwa upite kwao kwenda bahari ya Hindi, ndo mana wakaleta na meli nzima toka Papenburg, Ujerumani, kwenye makasha kama elfu tano, ikaja kuunganishwa hapa bandarini, ndo hii Liemba yetu. Wabelgiji nao wakaleta reli yao mpaka Kalemie, ng'ambo ya ziwa upande wa Congo, mwaka 1915, na mwaka 1921 wakapewa na Waingereza eneo lao maalum la kupitishia mizigo hapa Kigoma na lingine Dar. Kwenye ramani ya wale watu Kigoma ilikuwa katikati, daraja kati ya maji na chuma. Na kabla yao Ujiji ilikuwa hivyo hivyo, njia ya misafara, na humo humo zilipita biashara za watu na pembe, hilo nalo tusilisahau.

Basi kama tulikuwa katikati mbona hatukupata? Kwa sababu mzigo ulipita juu ya vichwa vyetu. Na kuna baya zaidi, ile reli iliwachukua watu. Enzi za Mwingereza Buha, yaani nchi ya Waha huku kwetu, ilifanywa kuwa mahali pa kuchota nguvukazi, wazee wetu waliandikishwa, wakapewa namba, wakapandishwa treni kwenda kukata mkonge mashamba ya mashariki, ndo wale manamba. Mkoa uliokuwa unatoa manamba haukutakiwa uwe na zao lake la nguvu, mana ukiwa na hela kwako utaenda kukata mkonge wa nini? Kwa iyo miundombinu ni mlango na mlango unafunguka pande zote mbili. Kinachopita humo kinategemea nani amesimama na nini mkononi siku unapofunguliwa. Reli ilikuta upande huu watu wenye mikono mitupu, ikabeba mikono.

Hii naiona inajirudia na ndo inayoninyima usingizi. Desemba 2022 ulisainiwa mkataba wa SGR, reli mpya ya kisasa, ya Tabora mpaka Kigoma, kilomita 506. Kuna mpango wa kuipeleka na Burundi kupitia Uvinza. Umeme wa gridi ambao tuliusubiri miaka mingi huku mji unaenda kwa majenereta ya dizeli umeanza kuingia mkoani, na kuna mradi wa maji wa Malagarasi wa megawati 49.5. Barabara ya Kasulu na Kibondo kwenda Nyakanazi sio ile ya zamani ya kulala njiani. Yote haya nayafurahia kwa moyo wangu wote. Ila treni ya haraka ikifika na mawese yetu bado yana asidi ya sabuni, itakachofanya ni kuleta mafuta ya kula yaliyotoka Asia kwa bei rahisi zaidi mpaka mlangoni kwa mama mdogo. Usafiri ukishuka bei unashuka kwa kuingia na kwa kutoka, hauchagui. Mtu wa Dar mwenye kiwanda kikubwa anaifikia Kigoma kwa urahisi kama sisi tunavyomfikia yeye, na yeye amejiandaa.

Limebaki la mitandao, na hapa watu wa Kigoma tuko vizuri kuliko tunavyojijua. Nenda Kibirizi asubuhi maboti yanapopakia. Utamkuta mtu anapakia mzigo wa mamilioni kwa mfanyabiashara wa Congo au Burundi bila karatasi, mali kauli, yaani chukua ukauze utaniletea. Kinachomlinda ni nini? Babu zao walijuana, shangazi ameolewa Baraka kule Congo, Kiswahili ni kimoja, na ukimdhulumu mtu mmoja habari inafika ng'ambo kabla ya boti lako na hakuna atakayekupa tena. Hiyo ni benki, tena benki ambayo haijaandikwa popote. Burundi wako Jumuiya ya Afrika Mashariki toka 2007, Congo wameingia 2022, ila hii jumuiya ya Kibirizi ni ya zamani kuliko zote.

Lakini mtandao wa undugu nao una mpaka wake, unambeba yule mnayejuana tu. Kijana wa Kakonko mwenye asali nzuri ambaye hana shangazi Baraka haingii. Ndo mana inatakiwa mitandao ya watu wasiojuana, na mfano mzuri upo kwenye simu. Mnakumbuka zamani ukiwa na Tigo Pesa na mwenzako ana Airtel Money ilikuwa shughuli, kila kampuni na kisima chake. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakakubaliana hela ivuke toka mtandao mmoja kwenda mwingine, Vodacom wakaingia 2016, na mnara haukuongezeka hata mmoja kwa ajili ya hilo, ni makubaliano tu, ila thamani ya kila laini ikapanda siku hiyo hiyo. Kipimo cha asidi kingetufanyia hivyo hivyo kwenye mawese. Dumu likiwa na namba inayoaminika na watu wote, mnunuzi wa Mwanza asiyenijua anaweza kulipa kabla hajaliona. Leo kipimo kipo kwake yeye, kwa iyo neno ni lake.

Na elimu inasafiri kwenye mitandao hiyo hiyo. Kule Burundi dagaa walikuwa wanaanikwa mchangani kama huku kwetu, mvua ikinyesha mali inaoza, ikikauka ina mchanga. Kuanzia 2004 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wakawaonyesha kuanika juu ya chanja za wavu, bei ya kilo ikapanda zaidi ya mara mbili, na waliofundishwa walikuwa wachache tu, wengine waliangalia kwa jirani wakaiga. Mwanamke anayeanika anamwamini mwanamke mwenzake anayemwona anauza, haamini kipeperushi. Na uliposimamishwa uvuvi ziwa zima miezi mitatu, Mei 15 mpaka Agosti 15 mwaka 2024, ili samaki wazaliane, mwenye dagaa wakavu safi waliokaa ghalani alikuwa na cha kuuza, wa mchangani hakuwa nacho.

Kwa iyo nikiulizwa tuanzie wapi sisemi tuanze na kiwanda kikubwa, na sisemi tusubiri treni. Naona tuanze na ile saa 24. Watu wachache wa eneo moja wakikubaliana siku moja ya kukata, mzigo wa siku hiyo unatosha kuwasha pipa moja kubwa, gharama ya kuni inagawanyika, pipa la kupukuchulia linapata kazi ya kutosha kujilipa, na dumu linalotoka lina asidi ndogo linaloweza kwenda kupimwa na kugombewa bei. Hapo ubunifu ni lile pipa, ujasiriamali ni hasara iliyogawanywa kwa watu wengi mpaka haimuui mtu, mtandao ni yale makubaliano, na miundombinu itakuta mtu amesimama mlangoni na kitu mkononi.

Nimeongea na mama mdogo na kaya saba za pale jirani, pamoja na yule jirani mmoja ninayemwonea aibu, huyo nilimfuata mwenyewe nikakaa nae barazani kwake mpaka giza likaingia. Tumechangishana kumlipa fundi wa Mwanga pipa la kwanza, tunajua tutalikosea. Tumekubaliana Jumanne ndo siku ya kukata, kaya zote nane, na Jumatano alfajiri moto unawashwa kwa mama mdogo. Ameshahamisha ile mikungu toka chini ya mwembe, anasema pale patawekwa pipa, na kijana wake mdogo ameshachimba mashimo manne ya nguzo.